Nataka kutrikotea papa soksi za jubile ya ndoa lakini miguu inamuvimbaka, nifanye namna gani?

mudogo_wa_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Mwezi wa saba bazazi betu banafikisha miaka 50 ya ndoa, kutakuwa misa na kisha tutakula pamoja ku nyumba, sisi batoto tumeshagawanya kazi, yaya mukubwa njo analipa kostime ya papa, mwingine keki, mwingine baimbaji, mi nikasema nitamutrikotea papa soksi. Bakacheka bote. Ati soksi njo zawadi ya jubile? Lakini bao habakae na ye, mi njo nakaa na ye. Papa anavalaka biatu miguu mutupu hata mu mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya Lubumbashi inakamata mutu asubui mupaka moshi inatoka mu kinywa, ju anasema soksi za ku soko zinamufunga, na ni kweli, akizitoa mangaribi unaona alama ya lastike imezunguka muguu yote na muguu wenyewe umevimba. Sasa siku ya misa hawezi kuingia mu kanisa na kostime na miguu mutupu, mama atakufwa na haya.

Kutrikote, kufuma na sindano, najua kidogo, bamama ba parokia balinifundishaka layeti, kofia za bebe na vile biatu byake bidogo, lakini byote na sindano mbili, unatrikote plati kisha unashona pembeni. Maulizo yangu: soksi ya mutu mukubwa inaweza kutoka na sindano mbili ao ni lazima zile tano? Lene (uzi ya kutrikote) gani? Ku Soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, naona paka ile ya akriliki ya layeti. Kostime ni nyeusi kwa hiyo nataka soksi nyeusi. Na maye (vile vitanzi bya ku sindano) ngapi? Tafazali mutu asiniambie "inategemea", nipeni namba.

koko_Kamalondo (Lubumbashi)

Mwanangu, bache bacheke, siku ya misa batanyamaza.

Na sindano mbili inawezekana. Unatrikote plati, unafunga na mushono chini ya muguu ao nyuma. Lakini kwa papa yako mi sikushauri, ju ule mushono njo utamuumiza ndani ya kiatu, muguu wenye umevimba haupendake kitu yenye iko na mugongo. Chukua sindano tano zenye ncha mbili. Maye unagawanya ku sindano ine, ya tano njo inafanya kazi, unazunguka unazunguka, hakuna mushono hata moja. Na kama unazunguka, jersi (ile kitambaa laini) yote ni andrua tu (maye ya upande ya mbele), ile kugeuza na kufanya anver (maye ya upande ya nyuma) unaisahau mupaka ku kisigino. Mutu mwenye ametrikote biatu bya bebe hawezi kushindwa hapo, mara ya kwanza sindano zitakuchomachoma mu mikono lakini ukishafika santimetre tano itazoea yenyewe.

Sindano kama haupate ku soko, fanya mwenyewe. Sisi zamani tulikuwa tunakata reyo za kinga. Hata leo zinatumika muzuri sana. Unakata bipande bya santimetre 20, kichwa unatupa, upande ya visi unatupa, ncha zote mbili unasaga na lime kisha papye emeri mupaka ukipitisha pa shavu haikwaruze. Angalia zisikuwe na kutu, kutu ikiingia mu lene haitokake tena. Paka reyo iko na milimetre 2 hivi, ile ni ya lene nyembamba sana, na hii lene ya layeti unaisema inaomba 3. Basi kwa hiyo chukua vijiti vya broshete, vya bambu. Zinatofautiana, kwa hiyo panga 10 pembeni kwa pembeni ju ya rigle, zikitoka santimetre 3 njo zenyewe. Saga ncha zote mbili, sugua na mushumaa, lene itateleza bila shida.

Djo_wa_Kenya (Lubumbashi)

Mi siseme mubaya dada lakini soksi ku soko ni franka kidogo sana, mutatrikote miezi mbili kitu yenye mutu anakanyaga na kiatu juu yake na hakuna mwenye anaona? Mutrikotee pulovere basi, angalau ku foto itaonekana.

mudogo_wa_Katuba

Pulovere anazo tatu. Koko aksanti sana, broshete sikuwazaka hata kidogo.

mama_wa_Nguba (Bukavu)

Yambo kutoka Bukavu, huku kwetu baridi ya asubui tunaijua kwa hiyo soksi nazitrikotaka kila mwaka, sana sana za bazee.

Unataka namba, nitakupa, lakini lazima wewe njo unipe za kwako kwanza. Umupime papa mangaribi, si asubui. Asubui muguu umelala, umeshuka, ukitrikote ya asubui saa kumi ya kisha midi inamukaba na hapo njo hasa wakati wageni banakula. Apime akiwa amesimama, uzito yote chini, unazungusha metre ya kushonea pale muguu iko mupana mbele ya vidole, kisha urefu kutoka kisigino mupaka kidole kirefu, kisha muzunguko ya muguu juu ya kifundo pale soksi itaishia. Upime miguu yote mbili, zinaweza kutofautiana, unafwata ile mukubwa.

Kisha eshantiyo, kipande ya kujaribu. Monte (anzisha ku sindano) maye 30, trikote mupaka upate kitambaa ya santimetre 12, ufule, ukaushe, uhesabu maye ngapi ziko mu santimetre 10. Najua bengi banaruka hapo, banaona ni kupoteza wakati, miye naona kufumua soksi nzima njo kupoteza wakati.

Kawaida soksi inatrikotwa ndogo kuliko muguu, kama asilimia 10 hivi, ju trikote inavutika na ikikuwa sawasawa na muguu inakunjana ndani ya kiatu. Kwa papa yako usifike 10. Chukua 5 tu. Na ku muguu juu, pale inafunga, usipunguze kitu, ile nitaeleza ukinipa vipimo.

Lakini munisamehe nikiuliza, hii kuvimba inatoka wapi? Umeshamufikisha ku munganga?

infirmiye_Himbi (Goma)

Maulizo ya mama wa Nguba njo ya kwanza kabisa na miye naunga mukono. Kuvimba miguu inaweza kuwa ya roho (moyo), ya figo, ya presha, ya dawa fulani, ya kukaa sana na miguu chini. Soksi haitatibu hiyo. Na kuna soksi ingine za ku farmasi zenye zinakaza makusudi, ile ni munganga njo anaamua nani avae, usimufanyie ya kukaza kwa mawazo yako.

Sasa kama papa iko na ugonjwa ya sukari, hapo mambo inabadilika zaidi. Sukari ya miaka mingi inaua misipa ya miguu, mutu anapoteza kusikia, kajiwe kanaingia mu kiatu anatembea nako siku muzima hajui, kidonda kinakuja, damu haifike vizuri kule chini na kidonda hakikauke. Soksi ya mutu kama huyo: hakuna lastike, hakuna mushono, hakuna noeu (fundo ya uzi) ndani, hakuna mahali imekunjana. Na rangi. Tunaambiaka bagonjwa bavae nyeupe ao rangi ya kuwaka, ju akitoa soksi mangaribi na kuna alama ya damu ao ya maji, anaiona. Ku nyeusi hataona kitu, na kama hasikie maumivu na haone damu, ni nani atamuambia?

Nyeusi kwa hiyo miye hapana, kama ni sukari.

mudogo_wa_Katuba

Ni sukari. Ako na dawa, anafwata, na ku munganga tunaenda, munganga mwenyewe alisema kuvimba ni ju ya presha na akatuambia papa aweke miguu juu akikaa. Sikujua hii ya rangi. Lakini sasa nifanye nini, soksi nyeupe na kostime nyeusi mbele ya padiri na mama mukwe wa yaya? Mama atakataa. Mi namujua.

Vipimo bya mangaribi ni hivi, muguu wa kuume njo mukubwa: mbele ya vidole 25, urefu 26, juu ya kifundo 27. Eshantiyo na sindano ya 3 na ile akriliki imetoka maye 24 mu santimetre 10.

koko_Kamalondo

Mama yako iko na haki na infirmiye iko na haki. Trikote rangi mbili. Muguu juu nyeusi, mupaka pale kiatu inaanzia, kisha kuanzia kisigino mupaka vidole krem. Akivaa kiatu cha kamba nani ataona ile krem? Nyeusi itatoka chini ya suruali hivi, foto itakuwa muzuri, na mangaribi akitoa kiatu chini yote ni kama karatasi, alama yoyote itaonekana.

Soksi zamani kisigino na vidole zilitrikotwa rangi ingine mara mingi tu, ju njo kule zinatoboka, unafumua ile kipande unarudilia. Kwa hiyo si kitu ya kushangaza hata mutu akiona.

mama_wa_Nguba

Koko hapo umeua! Basi namba njo hizi, ukamate bic.

25 mara 2,4 ni 60. Toa asilimia 5 unabakia 57, tunaweka 56 ju inagawanyika na 4. Hiyo njo ya muguu chini. Juu ya kifundo 27 mara 2,4 ni karibu 65, na kule nilisema hatutoe kitu, tunaweka 64.

Kumonte: maye 64 nyeusi, na umonte ju ya sindano mbili zimeshikwa pamoja, kisha unatoa moja, ile mupaka ya juu itakuwa legevu na haitamukata. Hii kitu ndogo njo inafanya soksi ya mugonjwa itofautiane na soksi ya ku soko, usiiruke. Kisha kote 2/2, andrua mbili anver mbili, muguu yote juu, santimetre 15 ao zaidi, si zile tano za juu tu. Kote inajivuta yenyewe na inasimama bila lastike.

Mbele ya kisigino, ku duru moja ya andrua, trikote 6 kisha mbili pamoja, mara 8, unabakia 56. Trikote duru mbili tatu tena.

Kisigino: hapo unabadilisha lene unaingiza krem. Acha 28 zilale ju ya sindano mbili, trikote plati ku 28 zingine, na hapo wewe wa sindano mbili utajisikia ku nyumba. Misitari 28. Ku mustari wa andrua unapitisha maye moja bila kutrikote, unatrikote moja, unapitisha, unatrikote, mupaka mwisho. Ku anver, ya kwanza unaipitisha tu, zingine zote anver. Inatoka nene, ya kupambana na kiatu.

Kugeuza kisigino njo pale batu banakimbia, usikimbie, fanya bila kuuliza na utaona inajipinda yenyewe. Andrua 16, punguza moja, andrua moja, geuza hata kama maye zingine zimebakia. Pitisha moja, anver 5, mbili pamoja, anver moja, geuza. Pitisha moja, trikote mupaka maye moja mbele ya ile shimo, maye ya huku na ya kule ya shimo unatrikote pamoja, moja tena, geuza. Unaendelea hivyo huku na huku mupaka zote ziishe, misitari miwili ya mwisho haitabakisha ile maye moja ya kufunga, ni kawaida. Unapaswa kubakia na 16. Ukipata ingine, rudia kuhesabu.

Kisha okota maye 14 pembeni ya kisigino, moja mu kila maye ulipitisha, na moja ya ziada pale pembe ju shimo isibakie, kisha zile 28 zilikuwa zinalala, kisha 14 na moja upande ingine. Zote 74. Duru moja unapunguza moja kila upande karibu na zile 28 za juu, duru moja hupunguze, mupaka urudi 56. Ni mara 9.

Endelea jersi tu, andrua, hakuna kote chini ya muguu. Kutoka nyuma ya kisigino ikifika santimetre 19 na nusu unaanza vidole: kila upande maye mbili pamoja, mbili za kawaida, mbili pamoja, ile inatoa 4 mu duru. Duru moja toa, moja acha, mupaka 28, kisha toa kila duru mupaka 12.

mudogo_wa_Katuba

Mama wa Nguba Mungu akupe maisha marefu, nimeandika yote mu kaye. Na zile 12 nazifunga namna gani? Kofia ya bebe navutaka uzi ndani ya maye zote nakaza.

mama_wa_Nguba

Kwa papa hapana, ile inaacha noeu ku vidole. Panga 6 juu na 6 chini ku sindano mbili zikiangaliana, chukua sindano ya kushonea lene, na ushone ukifwata njia ya maye yenyewe, unaingia moja ya mbele unaitoa, unaingia ya pili unaiacha, kisha nyuma vile vile. Ukimaliza hakuna mutu ataona pale ulifungia. Kama inakushinda, ulizia mama yeyote mwenye anaremaye (anaunganisha maye hivyo) pulovere ku parokia yenu.

chaguwa_ya_Birere (Goma)

Mimi naongeza ya lene ju hakuna mwenye aligusa. Akriliki itafanya kazi, inafuliwa bila shida, lakini hainywe maji ya muguu, mutu akitoka jasho soksi inabakia na unyevu na kwa mugonjwa wa sukari si muzuri ngozi kulala mu unyevu. Pamba inanywa, ila haivutike, ikifika saa sita imeshuka chini imekunjana. Lene ya kondoo njo inavutika na inanywa jasho pamoja.

Ku soko mpya haipatikane rahisi, lakini ku chaguwa, ku nguo za mitumba, iko. Tafuta pulovere nzee ya Bazungu, angalia etiketi, kama imekatwa toa kauzi kadogo uchome na kiberiti: ikinuka nywele na majivu inavunjika mu vidole, ni kondoo, ikiyeyuka ikabakia kajiwe kagumu keusi, ni akriliki, ikinuka karatasi ni pamba. Usichukue yenye imekatwa na mashini pembeni, ku mushono utaona imepitishwa uzi ya surjeti, ile ukifumua inatoka vipande vipande. Fumua, zungusha ku mugongo wa kiti, fula na maji ya uvuguvugu, tundika na kitu kizito chini ndio inyooke. Pulovere moja ya mwanaume inatoa soksi za familia yote.

Angalisho: eshantiyo unarudilia, lene ingine namba ingine. Na soksi ya kondoo haifuliwe na maji ya moto na kusuguliwa, inakazana inakuwa ya mutoto.

infirmiye_Himbi

Na hizo nyeusi, mbele ya kuunganisha na krem, lowesha kipande na maji na sabuni, kamua ju ya kitambaa cheupe. Ikitoka rangi, rudilia kufula mupaka ikome, kama si vile mara ya kwanza ya kufula krem yote itageuka majivu na kazi ya rangi mbili imekufwa.

Kingine: ncha za lene zote mahali unabadilisha rangi uzirudishe upande wa inje ya kifundo, usiache noeu, uzishonee ndani ya maye polepole na umupitishie mukono ndani mbele ya kumuvalisha. Mukono yako njo inasikia, muguu wake hausikie. Na siku ya misa isikuwe mara yake ya kwanza kuzivaa, avae ku nyumba saa moja ao mbili, atoe, muangalie ngozi. Kama kuna alama nyekundu mahali, unajua pa kufumua.

Djo_wa_Kenya

Nimesoma yote mupaka mwisho, sikujua soksi iko na mahesabu kuliko nyumba. Papa yangu pia iko na sukari na anavaa zile nyeusi za ku soko na lastike. Mudogo wa Katuba, ukimaliza za jubile unakamataka komande? Muguu ni 43, lakini nitakuletea vipimo bya mangaribi.

mudogo_wa_Katuba

Djo kwanza nimalize za papa! Nimepata pulovere ya kondoo nyeusi, krem sijapata, natafuta. Koko, lene ya kondoo imetoka nyembamba kuliko akriliki, mi naona sindano ya 3 inaacha mashimo.

koko_Kamalondo

Kama inaacha mashimo shuka ku 2 na nusu, ao ushike nyuzi mbili pamoja na ubakie ku 3. Kwa baridi ya mwezi wa saba mi ningeshika mbili. Fanya eshantiyo mbili, moja ya kila namna, na ulete namba hapa, mama wa Nguba atarudilia hesabu.

mama_wa_Nguba

Niko hapa. Na krem ukiipata uhakikishe imefumuliwa ku pulovere moja, ya mbele na ya nyuma zinapauka tofauti, uchanganye mbele ya kuanza.